Mita 60 kutoka ziwani zinaanzia wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na familia zinazotafuta nyumba au kiwanja kando ya Ziwa Victoria, hasa hapa Mwanza, na kupitia kwako niwafikie pia waliokabidhiwa dhamana ya kuulinda ufuko wa ziwa hilo. Mimi si mwanasheria wala mpima ardhi. Nimekuwa mtunza hesabu kwa miaka 31, na nilipokaribia kustaafu, mwaka 2023, mimi na mume wangu tulianza kutafuta mahali pa kuweka nyumba ambayo watoto wetu watatu na wajukuu wangeiita nyumbani. Mume wangu ni mzaliwa wa Ukerewe, na tangu tuoane amekuwa akisema kwamba hawezi kuzeekea mahali ambapo mtu hufungua dirisha asubuhi akakutana na ukuta wa jirani. Ilikuwa lazima tuone maji.

Tulizunguka kwa karibu miaka miwili. Tulionyeshwa viwanja na nyumba kumi na moja, kuanzia Kayenze na Igombe upande wa kaskazini, tukaja Bwiru, tukashuka Luchelele, hadi ng'ambo ya Busisi, ambako madalali walikuwa wamekwisha kujaa hata kabla Daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa Juni 2025. Tulielezwa habari za upepo mwanana, za nguzo ya umeme iliyo karibu, za barabara itakayopigwa lami na za mkubwa fulani aliyenunua jirani. Lakini kati ya wauzaji na madalali wote hao hakuna hata mmoja aliyetuambia, pasipo sisi kuuliza, kwamba maji ya ziwa yaliwahi kufika wapi.

Nianze na sheria, maana wengi huisikia lakini hawaipigii hesabu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Sasa chukua kiwanja cha ziwani chenye upana wa mita 30 na urefu wa mita 80, kutoka majini hadi barabarani. Kwenye karatasi ya mauziano hicho ni kiwanja cha mita za mraba 2,400, na bei yake itatajwa kwa ukubwa huo na kwa heshima ya maji yaliyo mbele yake. Ukiondoa mita 60 za sheria, unabaki na mita 20 za nyuma, yaani mita za mraba 600, na ndani ya hizo upate nyumba, karo la majitaka, tenki la maji, mahali pa kuegesha gari na banda la kuku la mama mkwe. Umelipia mbele, utajenga nyuma, tena ukipakana na vumbi la barabara. Kwa mtu aliyezoea kulinganisha hati za malipo na mzigo uliopokelewa ghalani, hesabu hiyo peke yake ilitosha kutuondoa katika viwanja vinne.

Swali lililotusumbua zaidi ni lile nililoliweka juu ya barua hii. Mita 60 zinaanzia wapi, ikiwa ukingo wenyewe haukai mahali pamoja? Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964, na kiwango cha mwaka huo kikabaki kuwa kilele kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 2006 likashuka mno, na wenye umri wangu wanakumbuka mitumbwi ikikokotwa juu ya tope mahali ambapo zamani ilielea. Mvua za mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 zikalirudisha juu, hata Mei 2020 likakipita kidogo kile kilele cha 1964, na Mei 2024 likapanda kupita hapo. Hakuna uchawi katika jambo hili. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Nile, pale Jinja nchini Uganda; kwa hiyo misimu miwili mizuri ya mkulima huweza kuwa misimu miwili mibaya ya mwenye nyumba ya ufukweni.

Kati ya kina cha chini cha 2006 na kilele cha 2020 kuna tofauti ya karibu mita 3. Mita 3 kwenda juu hazimtishi mtu mpaka azigeuze kuwa mita za kwenda nchi kavu. Chukua ufuko mpole, ambako ardhi hupanda mita 1 kila unapotembea mita 20: hapo mita 3 za maji humeza mita 60 za ardhi. Kwa maneno mengine, mtu aliyepimiwa mita zake 60 mwaka 2006, kutoka ukingo wa maji wa siku ile, akajenga nyuma ya mstari huo bila kuvunja sheria yoyote, mwaka 2020 angeyakuta maji kizingitini. Ufuko ukiwa mpole zaidi, yangepita sebuleni. Na ufuko mpole ndio hasa tunaoupenda, kwa kuwa una mchanga, watoto wanacheza, na kwenye picha unapendeza.

Naomba nieleze kiwanja kimoja kwa urefu kidogo, ingawa mtaa wake sitautaja. Tulikwenda Septemba 2023, ukame ukiwa umekolea. Dalali alikuwa amefunga kamba ya katani kati ya miti miwili kuonyesha mahali ambapo nyumba ingekaa vizuri, hatua arobaini hivi kutoka majini, kwa hiyo sheria ilikuwa imekwisha kusahauliwa hata kabla ya mazungumzo ya bei. Nilikuwa nimekwenda na fundi mwashi pamoja na kijana wake, wakiwa na mpira wao mwembamba wa pima maji, ule unaoonyesha maji kwa ndani. Fundi alikita mti ukingoni mwa ziwa akaishika hapo ncha moja ya mpira, kijana akapanda na ncha nyingine hadi kwenye kamba, wakasubiri maji ndani ya mpira yaache kuchezacheza, wakapiga alama kwa penseli ya seremala, kisha fundi akaja na futi yake kupima. Kutoka usawa wa ziwa hadi mahali pa msingi palikuwa na sentimita 80 tu za kwenda juu. Nilipomsomea dalali namba hiyo alicheka kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mgeni, akasema, "Sasa mama, ziwa lipande sentimita themanini liende wapi?"

Jibu alilitoa mzee mmoja mvuvi aliyekuwa ameketi hatua chache kutoka pale akishona nyavu. Tulisalimiana, nikamwomba anieleze habari za mahali hapo, naye akaniashiria gogo jeusi lililosimama ndani ya maji, umbali wa kurusha jiwe. Alisema gogo lile lilikuwa mti wenye kivuli, na kwamba mwaka ule ziwa lilipokauka walikuwa wakifunga mbuzi chini yake. "Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "hapa mlipo ni chumbani kwa ziwa. Limesafiri tu." Nilirudi Mei 2024, baada ya mvua, si kwa nia ya kununua bali kwa sababu hesabu isiyofungwa huninyima usingizi. Kamba ya katani ilikuwa bado imefungwa, na mawimbi yalikuwa yanailamba mizizi ya mti mmoja uliofungwa kamba hiyo.

Tangu siku hiyo tukaweka taratibu mbili ambazo nazipendekeza kwa kila familia. Ziwa kwa kawaida hufikia kilele chake cha mwaka karibu na mwezi Mei, masika yanapokwisha. Basi kiwanja cha ufukweni kitazamwe Mei, na kama mtu amekipenda Septemba, avute subira hadi Mei. Nyingine ni kumuuliza mtu asiyepata chochote katika mauzo hayo: mvuvi, mama anayeanika dagaa, au mzee ambaye mke wake alikuwa akichota maji pale miaka arobaini iliyopita. Penye majabali, kama Capri Point au Bwiru, hata mzee huhitaji sana, maana jabali hujiandikia lenyewe, sehemu iliyozoea maji ikiwa na rangi yake na sehemu ya juu ikiwa na yake. Ukiiona michirizi hiyo ikiwa juu ya kichwa chako huku umesimama kwenye kiwanja unachouziwa, funga mkoba.

Najua nitajibiwa kwamba mbona kuna mahoteli na majumba yaliyokaa majini kabisa, na hakuna aliyeyagusa. Mengine yalijengwa kabla ya sheria ya 2004, mengine yana vibali vyenye masharti ambayo sisi wapita njia hatuyaoni, na mengine, niseme wazi, yanasubiri tu siku yake. Alama nyekundu ya X ya kubomolewa haichagui ukuta wa tofali za kuchoma wala wa vioo, lakini mwenye hoteli ana wakili na ana biashara nyingine ya kumpa mkate, ilhali mstaafu aliyemwaga kiinua mgongo chake chote kwenye msingi mmoja hana cha kuangukia. Kumtazama jirani mkubwa na kudhani kwamba ulinzi wake utakufunika na wewe ni kosa ambalo nimeona watu wazima, wenye elimu zao, wakilifanya.

Karatasi nazo zinahitaji macho. Karibu kila tulipokwenda tulionyeshwa hati ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa, na watu wengi wanaamini mhuri huo ni umiliki. Mhuri wa mtaa unathibitisha kwamba watu fulani walikutana wakakubaliana. Haukuambii kama kiwanja kimepimwa, kama kina hati miliki, kama kimewekwa rehani benki, wala kama kipande cha mbele kinachogusa maji kimo kwenye ramani ya upimaji. Hayo hujulikana kwa kufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, na kwa kumlipa mpima mwenye leseni aje azitafute bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, ardhini, si kwenye simu ya dalali. Katika kiwanja kimoja upande wa Igombe bikoni za nyuma zilionekana vizuri, lakini za mbele zilikuwa hatua nyingi nyuma ya mahali ambapo muuzaji alikuwa amepanda michongoma yake. Alikuwa anatuuzia ufuko wa umma kwa bei ya mita ya mraba.

Na tusiwasahau wake. Nyumba moja tuliyoipenda sana, ya vyumba vinne na baraza pana linalotazama machweo, ilikuwa inauzwa na bwana mmoja mcheshi aliyekuwa na nyaraka zote kwenye bahasha. Mkewe alikuwa barazani akikata viazi vitamu vya kuanika michembe. Nilimwamkia, tukazungumza habari za jua na za viazi, kisha nikamuuliza wao watahamia wapi baada ya mauzo. Kisu kilisimama juu ya kiazi. Hakuwa amesikia habari yoyote ya mauzo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mnunuzi anayejifanya haoni anaweza kujikuta barazani mwa mahakama badala ya lile linalotazama machweo. Tuliaga kwa adabu. Mume wangu hakusema neno hadi tulipofika barabara ya lami.

Yapo mambo mengine ya maisha ya ziwani ambayo nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa kila familia ina uvumilivu wake. Maji yaliyotulia, yenye matete na kina kifupi, ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho, na Mwanza ugonjwa huu si hadithi. Mtoto anayeishi hatua thelathini kutoka kwenye maji hayo ataingia, hata umfungie geti. Kuna majira ambapo vijidudu vya ziwani hupaa juu ya maji kama moshi wa nyasi, na upepo ukivileta nyumbani jioni utazima taa ule gizani. Kuishi jirani na mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, kuna kelele za alfajiri na harufu ya dagaa juani. Mimi harufu hiyo naipenda, imenisomesha, lakini nimeona waliohamia jirani na mwalo kisha wakaanza kuandika barua za kutaka wavuvi waondolewe. Mwalo ulikuwepo kabla yao. Na anayeziba kwa ukuta njia ya watu kwenda majini, hata kama ana hati, anajitafutia uadui na mtaa mzima, tena kwa haki.

Nimeulizwa na wenzangu wa kanisani sisi tuliishia wapi. Tulinunua kiwanja kilichopimwa, chenye hati, kwenye mteremko wa kilima ndani ya Manispaa ya Ilemela, zaidi ya mita 300 kutoka majini, kwa bei ambayo ilikuwa karibu theluthi moja ya ile ya kiwanja cha kamba ya katani. Kutoka barazani tunaliona ziwa lote hadi visiwani, na usiku taa za wavuvi wa dagaa zinajipanga kama mji mwingine. Sisemi kilima hakina matatizo yake. Shimo la karo lilimchukua fundi siku tisa kwa sababu ya jabali lililokuwa chini ya udongo wa futi mbili, gari la kunyonya majitaka linapanda kwa kusitasita, maji ya bomba yana siku zake, na ilibidi tuiache wazi njia ya korongo ambayo jirani wa juu alikuwa ameshauri tuifukie. Wajukuu wakitaka kuogelea tunashuka nao, tunachagua penye mawe na mawimbi, tunarudi nao. Ni mwendo wa dakika kumi, na mume wangu anaulalamikia kila mara anapoutembea.

Sasa nigeukie wenye dhamana. Halmashauri zetu za Jiji la Mwanza, Ilemela, Magu, Misungwi na Sengerema, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kila mmoja ana kipande chake cha jambo hili, na mwananchi anayetaka kujua mstari wa mita 60 unapita wapi kwenye mtaa wake hulazimika kuzunguka ofisi hadi ofisi kama anayetafuta cheti cha babu yake. Ombi langu ni kwamba mstari huo uchorwe ardhini. Vipimo vya kina cha ziwa vipo, na vinachukuliwa mwaka hadi mwaka. Kianze kilele cha juu kabisa kilichowahi kuandikwa, zipimwe mita 60 kutoka hapo, na vikitwe vigingi vya zege vyenye namba, kama vile vya hifadhi ya barabara tunavyoviona vikiwa na rangi yake. Ramani ya vigingi hivyo ibandikwe ukutani katika ofisi ya kila mtaa na kijiji kilicho ufukweni, na mwenyekiti asigonge mhuri wowote wa mauziano mpaka umbali wa kiwanja kutoka kwenye kigingi cha karibu uandikwe ndani ya karatasi hiyo kwa mita.

Nitaambiwa kwamba hayo yanataka fedha. Yanataka, lakini bomoabomoa nayo inataka fedha: tingatinga, askari, kesi, na familia zinazohamia kwa ndugu na magodoro yao. Aidha, ipo haki katika jambo lenyewe. Serikali inapomwambia mtu amevuka mstari, ni lazima kwanza iwe imemwonyesha mstari. Kwa sasa anayeonyesha mstari ni dalali, kwa kamba ya katani.

Mwezi uliopita nilipita tena kwenye kiwanja kile nikitoka msibani. Maji yameshuka, mchanga umerudi, mzee wa nyavu hayupo. Kwenye mti kuna kibao kipya cha kuuza chenye namba ya simu, na kamba imebadilishwa. Imefungwa palepale.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wenu,
Ilemela, Mwanza.